Yasmin na Wenzake: Mwanamke wa Kihindi na Mfumo Dume katika Riwaya za Afrika Mashariki

Miongoni mwa riwaya za Kiswahili ambazo kwa miaka mingi zimekuwa vitabu teule vya kidato cha tano na sita nchini Tanzania, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ina upekee wake, kwa kuwa mhusika mkuu wa kike ndani yake ni Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja ambaye wazazi wake wanamwoza kwa mwenye duka aliyemzidi umri zaidi ya mara tatu. Mwanafunzi aliyekulia Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, katikati ya mashamba ya alizeti, uwele na mtama na mbali kabisa na bahari, hukutana na binti huyo darasani na kutakiwa kueleza nafasi ya mwanamke katika riwaya, na jibu alilozoea kufundishwa huwa ni orodha: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, amechorwa kama mtu jasiri, amechorwa kama mwanamapinduzi. Orodha ya namna hiyo huleta alama, lakini huliacha kando swali linaloizaa hadithi yenyewe, yaani ni nguvu gani hasa iliyomweka binti wa miaka 15 katika nyumba asiyoitaka, na ni kitu gani kilichomwezesha kutoka.

Swali hilo halimhusu Yasmin peke yake. Kwa zaidi ya karne moja waandishi wa Asia ya Kusini, eneo linalojumuisha India, Pakistani, Bangladeshi, Sri Lanka na majirani zao, wamekuwa wakiandika juu ya mwanamke anayekataa nafasi aliyopangiwa, na watu wenye asili ya huko walipohamia Afrika Mashariki, mgogoro huo ulihama nao ukaingia katika riwaya za Zanzibar, Tanganyika, Kenya na Uganda. Riwaya hizo zikisomwa kwa pamoja zinaonesha jambo ambalo usomaji wa haraka hulipita. Mapenzi ya mwanamume wa jamii nyingine, ambayo ndiyo husimuliwa kwa kirefu, mara nyingi humtoa mwanamke katika nyumba moja na kumwingiza katika utegemezi mwingine, ilhali kinachompa nafasi ya kupumua ni mambo yasiyopigiwa tarumbeta: mwanamke mwenzake mwenye chumba, kazi inayomletea senti zake mwenyewe, na uwezo wa kusoma na kuandika.

Mfumo dume ni utaratibu wa maisha unaompa mwanamume, hasa baba, mume na kaka, kauli ya mwisho juu ya mali, ndoa na mienendo ya watu wa nyumbani, na ambao huifanya kauli hiyo ionekane kuwa jambo la asili lisilohitaji kuulizwa. Majukumu ya kijinsia ni mgawanyo wa kazi, mavazi, nafasi na hata sauti ambao jamii huwapa wanawake na wanaume, na ambao hutofautiana na jinsi, yaani maumbile ya kike na ya kiume ambayo mtu huzaliwa nayo. Kwamba majukumu hayo hutungwa na watu si nadharia ya vitabuni tu, kwa sababu Wilaya ya Mkalama yenyewe inao ushahidi: Wanyisanzu, majirani wa Wanyiramba, huhesabu koo kwa upande wa mama, na katika utemi wao wa jadi uliokuwa na makao yake Kirumi, mamlaka ya kuomba mvua yalishikwa kwa pamoja na mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja wa kitemi, kwa imani kwamba mmoja bila mwenzake hawezi kuileta mvua. Jamii zinazoishi wilaya moja zinapopanga nafasi ya mwanamke kwa namna zinazotofautiana, ni wazi kwamba mpangilio wowote kati ya hiyo ungeweza kuwa mwingine.

Mizizi katika Asia ya Kusini

Katika jamii nyingi za Asia ya Kusini mfumo dume ulisimama juu ya nguzo tatu ambazo msomaji wa riwaya anapaswa kuzitambua. Ya kwanza ni ndoa ya kupangwa, ambapo wazazi huchagua mchumba kwa kuzingatia dini, tabaka na hali ya mali, na binti hupashwa habari mambo yakiwa yamekwisha. Ya pili ni heshima ya ukoo, ambayo hudhaniwa kukaa katika mwili na mwenendo wa binti, kiasi kwamba kosa la kijana wa kiume husamehewa lakini tetesi moja juu ya dada yake huwafungia milango ya ndoa ndugu zake wote. Ya tatu ni mali, ambayo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa wana wa kiume, huku binti akihesabiwa kuwa mgeni wa muda katika nyumba aliyozaliwa. Miongoni mwa Wahindu wengi mali ya harusi hutolewa na upande wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi, kinyume na desturi ya Singida ambako mifugo hutoka upande wa mume, lakini pande zote mbili zinafanana kwa hili, kwamba wanaokaa kitako kuhesabu ni wazee wa kiume, na anayehesabiwa hayupo.

Waandishi wa huko walianza mapema kuzitikisa nguzo hizo. Mwaka 1905 Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke wa Kiislamu kutoka Bengali, alichapisha Sultana's Dream, hadithi fupi ya kubuni nchi ambayo wanaume ndio wanaokaa ndani huku wanawake wakiendesha serikali kwa elimu na kutumia joto la jua kupikia na kujilinda, na miaka michache baadaye, mwaka 1911, akafungua shule ya wasichana mjini Kolkata, akionesha kwamba kwake yeye kalamu na ubao vilikuwa kazi moja. Mwaka 1914 Rabindranath Tagore aliandika hadithi iitwayo Streer Patra, yaani barua ya mke, ambamo mwanamke aliyeishi katika ndoa kwa miaka 15 anamwandikia mumewe kumweleza kwamba harudi tena nyumbani, baada ya kushuhudia jinsi binti yatima aliyekimbilia kwake alivyoozwa kwa nguvu na kuishia kujiua. Ismat Chughtai, aliyeandika kwa Kiurdu, alichapisha mwaka 1942 hadithi ya mke aliyetelekezwa ndani ya jumba la tajiri, akashtakiwa mjini Lahore kwa madai ya kuandika machafu, na kesi ikamwendea vizuri. Shashi Deshpande, katika riwaya yake ya mwaka 1988 That Long Silence, hakuhitaji mume mkatili wala mkasa mkubwa, kwani alitosheka kuonesha mke msomi wa Mumbai anayegundua kwamba kimya chake cha miaka mingi, alichokiita amani ya nyumba, ndicho kilichokuwa kikiijenga enzi ya mumewe.

Katika kazi zote hizo adui hachorwi kama mtu mmoja mbaya. Mama mkwe, shangazi na jirani wa kike ni walinzi wa utaratibu sawa na baba, na pengine wakali zaidi, kwa sababu mwanamke aliyevumilia ujana wote hupata cheo chake uzeeni kwa kuwasimamia walio chini yake.

Duka mbele, nyumba nyuma

Wafanyabiashara wa Kihindi waliijua pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, lakini idadi yao iliongezeka sana katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said wa Omani kuifanya Unguja makao yake, na kisha wakati wa ujenzi wa Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, ambapo Waingereza walileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India. Wengi wa walioshika biashara walitoka Gujarati na Kachchh, wakiwa Wahindu, Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri, na kadiri reli na barabara zilivyoingia bara ndivyo maduka yao yalivyofuata hadi miji kama Dodoma, Tabora na Singida.

Jengo la duka hilo lina umuhimu wa pekee katika fasihi, kwa kuwa riwaya nyingi huanzia na kuishia ndani yake. Mbele kuna kaunta, mizani, magunia ya mchele na sukari na daftari la madeni, na mwenye duka hukaa hapo kutwa nzima akipokea wateja wa kila kabila. Nyuma ya pazia kuna jiko, uani na vyumba vya kulala, na huko ndiko aliko mke, ambaye hupika, hulea, hushona, huchambua nafaka, na mara mumewe anapokwenda msikitini au mnadani husogea mbele kuuza. Kazi yake ndiyo iliyoiwezesha biashara ndogo kuishi bila kuajiri, lakini jina lake halikuandikwa kwenye leseni wala kwenye daftari, na hakukabidhiwa ufunguo wa sanduku la fedha. Ugenini, jamii ndogo iliyozungukwa na watu wa dini na rangi nyingine iliona kwamba mipaka yake inalindwa na wanawake wake, hivyo nguzo ya heshima ikakazwa zaidi kuliko ilivyokuwa hata kule ilikotoka.

M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, ameieleza nyumba hiyo kwa kina katika The Gunny Sack ya mwaka 1989. Babu mkuu wa familia, Dhanji Govindji, anapofika katika mji wa pwani anaishi kwanza na Bibi Taratibu, mtumwa wa Kiafrika anayemzalia mtoto wa kiume, Huseni, kisha anaoa mke wa jamii yake na Bibi Taratibu anaondolewa nyumbani. Ukoo mzima wa wafanyabiashara unaanza, kwa hiyo, kwa kumfuta mwanamke, na riwaya inatukumbusha kwamba mfumo dume haukuwagandamiza wanawake wote kwa kipimo kimoja: mke wa Kihindi alinyimwa ufunguo wa sanduku, mwanamke mtumwa alinyimwa hata jina katika orodha ya ukoo. Lakini anayehifadhi habari hizi zote, na kumrithisha msimulizi gunia lenye mabaki ya familia, ni bibi mzee, Ji Bai, na anayewavusha watoto katika shida ni Kulsum, mama mjane anayesimamia duka Dar es Salaam na kuwasomesha. Ujane, ambao katika hadithi nyingi za India ni adhabu, hapa unamfanya Kulsum kuwa mwenye duka, kwa kuwa ufunguo umebaki mikononi mwake.

Yasmin na mlango wa Mwajuma

Yasmin wa Vuta n'kuvute anaishi Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza, wakati harakati za siasa zimepamba moto. Wazazi wanamwoza kwa Bwana Raza, mtu wa makamo aliyepita miaka 50, kwa hesabu ambayo kwao ina mantiki yote: mume ni wa dini na jamii yao, ana duka, na binti atakula na kulala pasipo taabu. Shafi hamfanyi Bwana Raza kuwa jitu la kutisha. Ni mzee anayetaka mke kama anavyotaka bidhaa nzuri dukani, anayeona wivu, anayejitahidi kumpendeza na asiyeweza kuelewa kwa nini hapendwi, na kwa kumchora hivyo mwandishi anaonesha kwamba uonevu uko katika utaratibu uliomhalalishia kumpata binti huyo, hata kama yeye mwenyewe hana makucha.

Yasmin anatoroka, na hapo ndipo nguvu ya mfumo inapoonekana, kwa sababu hapokelewi kwao. Kwa wazazi, binti aliyemwacha mumewe ameichafua nyumba, na huruma ya mama inashindwa na hofu ya maneno ya watu. Mahali anapopata hifadhi ni Ng'ambo, upande wa mji wanakoishi Waswahili maskini, kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke asiye na mali wala elimu wala mume wa kumtisha, mwenye chumba chake, ngoma na taarabu zake, na ulimi usiomwogopa mtu. Wasomaji wengi humkumbuka zaidi Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayesakwa na makachero wa Kiingereza kwa siasa zake, ambaye Yasmin anampenda na kupitia kwake anaingia katika harakati. Ni kweli kwamba Denge anampa Yasmin macho ya kuiona dhuluma ya ukoloni, na kwamba mwandishi anafananisha kwa makusudi binti anayegomea mume aliyechaguliwa na wengine na nchi inayogomea mtawala aliyechaguliwa na wengine.

Lakini msuko wenyewe, yaani mpangilio wa matukio, unasema zaidi ya hapo. Denge ni mtu wa kujificha, kukamatwa na kutoweka, na maisha ya Yasmin hayawezi kusimama juu ya mtu ambaye kesho hajulikani alipo. Anayebaki ni Mwajuma: ndiye anayempokea bila kumuuliza dini wala rangi, anayempa khanga ya kujitanda, kitanda cha kulala na maneno ya kumtia moyo, na ndiye anayemfundisha kwamba mwanamke anaweza kuishi kwa kipato kidogo pasipo kauli ya mume. Katika kisiwa ambacho siasa za miaka hiyo ziliwagawa watu kwa asili zao, urafiki wa wanawake hawa wawili ni tendo la kisiasa lenye uzito sawa na makaratasi ya siri ya Denge. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hii kuwa filamu, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, Mwajuma aliigizwa na mwimbaji wa Zanzibar Siti Amina, na sauti yake ya taarabu ikawa moja ya nguvu za filamu hiyo.

Kuvuka mpaka wa jamii, kwa hiyo, si uhuru kwa kule kuvuka tu. Historia ya Zanzibar yenyewe inatoa funzo chungu: mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana wa asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na watu wa serikali kwa hoja ya kuondoa ubaguzi wa rangi, na hapo tena wanaume walizungumza na wanaume juu ya miili ya mabinti ambao hawakuulizwa. Tofauti kati ya Yasmin na wasichana hao ni kwamba yeye alichagua, na uchaguzi ndio kiini cha jambo zima.

Rehana, Mariamu na Deepa

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameipeleka hoja hiyo mbali zaidi katika Desertion ya mwaka 2005. Rehana, binti wa mfanyabiashara wa Kihindi na mwanamke wa Mombasa, anaolewa na Azad, Mhindi msafiri anayeondoka akiahidi kurudi na asirudi, na mwaka 1899 anaanza uhusiano na Mwingereza, Martin Pearce, ambaye naye mwishowe anaondoka. Wanaume wawili, mmoja wa jamii ya baba yake na mwingine wa jamii ya watawala, wanafanya jambo lilelile. Adhabu haiishii kwa Rehana: zaidi ya nusu karne baadaye mjukuu wake, Jamila, anapopendwa na kijana Amin, wazazi wa kijana wanamlazimisha amwache, kwa kuwa fedheha ya bibi imerithiwa kama nyumba au shamba. Gurnah anaonesha hapa jinsi heshima inavyofanya kazi, kwamba ni deni lisilofutika, na kwamba wadaiwa daima ni wanawake.

Katika The Book of Secrets ya Vassanji, iliyotoka mwaka 1994, Mariamu anadaiwa kwa namna nyingine. Anaolewa na Pipa katika mji mdogo wa mpakani kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, usiku wa harusi anaonekana si bikira, na tangu siku hiyo mumewe anaishi na shaka kama mtoto wao ni wake au ni wa ofisa wa Kiingereza ambaye Mariamu aliwahi kufanya kazi nyumbani kwake. Mariamu anauawa wakati wa vita, na Pipa anabaki na shajara ya ofisa huyo, yaani daftari la kumbukumbu za kila siku, ambayo hawezi kuisoma lakini anaamini imefunga siri ya mkewe. Wanaume wa vizazi kadhaa wanalichunguza daftari hilo kutafuta ukweli juu ya mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza alipokuwa hai, na riwaya inakwisha bila kuutoa ukweli huo, jambo ambalo ni shutuma kali kuliko hotuba yoyote.

Deepa, katika The In-Between World of Vikram Lall ya mwaka 2003, anapendana na Njoroge, Mkikuyu waliyekua naye tangu utotoni, katika Kenya iliyokwisha kupata uhuru. Sheria ya nchi haiwazuii na bendera mpya inawaalika kuwa wananchi wamoja, lakini mama anazuia kwa machozi, jamii inanong'ona, na Deepa anaolewa na kijana wa Kihindi aliyekubalika. Uhuru wa taifa, anavyoonesha Vassanji, haukuvuka kizingiti cha nyumba.

Wanawake waliposhika kalamu

Waandishi waliotajwa hadi hapa kuhusu Afrika Mashariki ni wanaume, na huruma yao haina shaka, lakini inafaa kuona kwamba karibu wote wanamfuata mwanamke pale tu mapenzi yanapomtoa nje ya nyumba. Wanawake wa jamii hizo walichelewa kuandika riwaya, na sababu zimo ndani ya riwaya zenyewe: muda, chumba, na hofu ya ndugu kujiona kitabuni. Sophia Mustafa, aliyezaliwa India mwaka 1922 na kukulia Kenya, ni mfano mzuri. Alihamia Arusha na mumewe, na mwaka 1958, akiungwa mkono na chama cha TANU, alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kuwakilisha Jimbo la Kaskazini, akatembea vijijini kuomba kura za Waafrika, Wazungu na Waasia katika enzi ambayo wanawake wengi wa umri wake hawakuwa wakihutubia hata mikutano ya jamii zao. Kitabu chake cha siasa, The Tanganyika Way, kilitoka mwaka 1961, lakini riwaya yake ya kwanza, In the Shadow of Kirinyaga, inayohusu maisha ya familia ya Kihindi ya Kiislamu nchini Kenya wakati wa ukoloni, ilichapishwa mwaka 2001 akiwa Kanada, mwenye umri wa karibu miaka 80. Ya pili, Broken Reed, ilitoka mwaka 2005, mwaka aliofariki.

Jameela Siddiqi, aliyekulia Uganda na kuondoka wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alichapisha The Feast of the Nine Virgins mwaka huohuo wa 2001, akitumia dhihaka na kicheko kuifichua jamii ya wenye maduka iliyojiona safi kuliko majirani zake. Kwa waandishi hawa wawili nyumba si gereza la kutoroka tu. Ni uwanja wenye siasa zake, ambapo wanawake hupatana, hudanganyana, hulindana na wakati mwingine hushinda.

Wanaume walioandika vizuri zaidi wamekwisha kuigusa siri hiyo ya ushindi wa ndani ya nyumba, unaoletwa na kazi na kalamu, pembeni mwa hadithi zao. Katika Desertion, Farida, dada wa Amin, anayeshindwa kupata nafasi ya masomo na kubaki nyumbani, anageuza cherehani kuwa riziki na baadaye anakuwa mshairi anayechapishwa, na katika Afterlives ya mwaka 2020 Gurnah anamleta Afiya, binti anayepigwa na mlezi wake hadi mkono kuvunjika kwa kosa la kujua kuandika, lakini kikaratasi anachomwandikia Khalifa, karani mwenye baba wa Kigujarati, ndicho kinachomwokoa. Penina Muhando, akiandika juu ya wanawake wa Kitanzania katika tamthilia yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, aliipa hoja ya mshikamano wa wanawake sura ya wazi: wanakijiji wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo yao na haisimami, si kwa uzito wake tu bali pia kwa kuwa kila mmoja anavutwa upande wake.

Kutoka Ng'ambo hadi Mkalama

Msomaji wa Kinyangiri anaweza kudhani kwamba habari za Yasmin ni za watu wa mbali, wa dini na rangi nyingine na zama zilizopita. Umri wa binti huyo unatosha kumwondolea dhana hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Miaka 15 ndio umri uleule aliokuwa nao Yasmin alipokabidhiwa kwa Bwana Raza. India, ikiwa bado koloni, iliweka mwaka 1929 kiwango cha miaka 14 kwa wasichana na 18 kwa wavulana baada ya mjadala mkali, na tangu wakati huo imekipandisha. Nchini Tanzania, Rebeca Gyumi, mwanasheria na mwanzilishi wa taasisi ya Msichana Initiative, alifungua kesi kupinga vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo, Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikautupa upinzani wa serikali na kuuthibitisha uamuzi huo.

Hoja zilizotolewa kuvitetea vifungu hivyo zinafanana sana na hesabu za wazazi wa Yasmin, kwamba ndoa ya mapema humkinga binti na aibu ya kupata mimba nje ya ndoa. Hapo heshima ya ukoo inawekwa tena katika mwili wa binti, na kinachoitwa ulinzi kinakuwa njia ya kumwondoa shuleni. Riwaya haiwezi kufuta kifungu cha sheria, lakini inaweza kufanya ambalo hukumu haifanyi, yaani kumweka msomaji, akiwa mvulana au msichana, ndani ya ngozi ya anayeozwa, na kumwonesha kwamba mzazi mwenye upendo wa kweli anaweza kuwa mtekelezaji wa dhuluma.

Ndiyo maana inafaa swali la mtihani kuhusu nafasi ya mwanamke liulizwe kwa namna nyingine. Badala ya kukusanya sifa za mhusika, mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi wafuate mambo yanayoshikika katika kila sura: nani anashika fedha, nani anamiliki chumba anacholala mwanamke, nani anajua kusoma barua inayoamua hatima yake, na nani anamfungulia mlango anapobisha usiku. Wakifanya hivyo watagundua kwamba Bwana Raza na Denge, pamoja na tofauti zao zote, wanasimama upande mmoja wa hesabu, na Mwajuma anasimama peke yake upande wa pili. Na kwa kuwa wanafunzi wengi wa Kinyangiri na vijiji vya jirani wanawajua wanawake wa aina ya Mwajuma, wajane na waliotalikiwa wanaojikimu kwa genge, kwa mgahawa au kwa ekari moja ya alizeti na ambao ndio hukimbiliwa na mabinti wenye matatizo, watakuwa na sababu ya kuwatazama upya watu ambao jamii imezoea kuwasema vibaya, na kuona kwamba mapambano dhidi ya mfumo dume yalikwisha kuanza katika nyumba zao kabla hayajafika kwenye silabasi.